Juisi ya Mkesha wa Krismasi

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Tamar alikunja mkeka wake, akachukua mtungi wa lita ishirini, akaenda kuteka maji. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake tangu Mto Tana ulipofurika mwezi wa Novemba na kuwafukuza kijijini. Mahindi yalizama, migomba ikazama, na nyumba ya bibi yake ikabaki paa tu juu ya maji. Sasa walikaa kambini, kwenye kipande cha ardhi kilichoinuka kando ya barabara ya Garsen, watu wa vijiji vitatu wamebanana chini ya maturubai.

Tamar alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake alifanya kazi Malindi, kwa hiyo alilelewa na bibi yake, Dorothy.

"Umetia dawa?" Bibi alimuuliza kila aliporudi na maji.

"Nimetia, Bibi."

Na kweli alikuwa ametia. Sista Metrine, muuguzi wa kambi, aliwagawia vidonge vya kusafisha maji. Kidonge kimoja kwa mtungi mmoja, ungoje nusu saa, ndipo unywe. Vyoo vya vijijini vilizama pamoja na nyumba, na maji yale yale ya mafuriko ndiyo waliyoyateka.

Shida ilianza Jumapili kabla ya Krismasi. Watoto wa kwaya walikuwa na zamu za kuleta kinywaji cha mazoezi, na siku hiyo Tamar alikoroga juisi ya unga kwa maji yenye dawa. Barnabas, mvulana aliyeimba vizuri na kujua kuwacheka wenzake, alionja, harufu ya dawa ikampanda puani, akatema.

"Hii ni ya kunywa ama ya kuoshea choo cha hospitali?"

Kwaya nzima ikacheka. Tangu hapo Tamar akaitwa Daktari. "Daktari, leo unatudunga sindano?" Alicheka nao, lakini moyoni ilimchoma.

Siku ya mkesha wa Krismasi akaomba mwenyewe apewe zamu tena. Aliteka maji, akayachuja kwa leso mpaka matope yakapungua, akamimina pakiti mbili za juisi nyekundu. Ile rangi ikafunika kila kitu. Kidonge alikitupa majanini.

"Siku moja tu," alijiambia. "Siku moja haiui mtu."

Mazoezi yalifanyika chini ya turubai kubwa walilolifanya kanisa. Mwalimu wa kwaya alikuwa Mzee Nehemiah. Ngoma ya kanisa ilichukuliwa na maji, kwa hiyo mzee alipiga debe, na walioimba walisahau kidogo njaa. Walipokuwa wanamaliza, akaingia Hawo, rafiki yake Tamar, amebeba galoni la maziwa. Hawo alikuwa binti wa Abdia, mama wa Kiorma ambaye jamaa zake walichunga ng'ombe karibu na kambi. Kila Krismasi Abdia aliwaletea maziwa, na kila Idi Bibi Dorothy alimpelekea mchele na ndizi. Mwaka huu ndizi hazikuwapo, lakini maziwa yalikuja.

"Mama anawasalimu, anasema sikukuu njema," Hawo alisema. "Kesho alfajiri tunahamisha ng'ombe. Hapa nyasi zimeoza."

"Kaa kwanza unywe juisi," Tamar akamwambia.

Hawo alikunywa vikombe viwili. Mzee Nehemiah alikunywa kimoja, akaongezewa. Barnabas akalamba mdomo. "Haya, Daktari amefuzu." Tamar aliwagawia wote, mwenyewe asibakiwe na tone, na bado aliona Krismasi yake imeshafika.

Asubuhi ya Krismasi watu walivaa nguo walizookoa majini, wakaja ibadani. Mzee Nehemiah aliwaanzishia wimbo wa kwanza. Katika ubeti wa pili akaliacha debe, akashika tumbo, akatoka nje mbio kama kijana. Hakurudi. Walimkuta nyuma ya turubai, anatapika na kuharisha maji matupu, macho yameingia ndani. Kabla ya saa nne, Barnabas na watoto wengine wawili nao walikuwa wamelala chini.

Sista Metrine alifika anakimbia. Aliwatundikia dripu kwenye nguzo za kanisa, kisha akauliza, "Hawa wamekula nini pamoja?"

"Maziwa," akasema Zadock, mwana wa Mzee Nehemiah. "Yule msichana wa Kiorma alileta maziwa jana. Baba aliyanywa."

"Maziwa niliyachemsha mimi mwenyewe, Zadock," Bibi Dorothy alisema.

"Bibi, wewe unawaamini sana. Kwa nini wameleta maziwa, halafu alfajiri wakahama?"

Vijana wawili walikwisha kuokota fimbo. Watu wazima wakatazamana, maana wanajua vita vya wakulima na wafugaji hapa huanza hivyo hivyo, kwa neno moja.

"Na juisi?" Sista akauliza. "Maji yake yalitiwa dawa?"

Macho yote yakamgeukia Tamar.

"Nilitia," Tamar akasema.

Bibi alimkazia macho. Zadock akawaambia wale vijana, "Mmesikia. Twendeni tuwafuate."

"Ngojeni," Sista alisema. "Huu ni ugonjwa unaoua kwa saa chache. Nataka kujua kama kuna mwingine aliyekula na hawa ambaye hayuko hapa. Huyo akianza kuharisha njiani, bila maji ya chumvi na sukari, jioni haimkuti."

Tamar akamwona Hawo akilini, akitembea nyuma ya ng'ombe katika jua lile, tumboni vikombe viwili. Akamsogelea Sista.

"Sikutia," alisema.

"Nini?"

"Sikutia dawa. Niliogopa watanicheka tena. Na Hawo alikunywa juisi yangu, vikombe viwili. Mimi ndiye niliyemwambia anywe."

Sista Metrine alichukua mfuko wake, akapanda bodaboda pamoja na kijana mmoja anayejua njia za ng'ombe. Zadock aliitupa fimbo, akaenda kukaa karibu na baba yake.

Hawo walimkuta mwendo wa saa moja kutoka kambini, amelala kwenye kivuli, mama yake anampepea kwa mtandio. Hakuwa na nguvu hata ya kulia. Sista alimtundikia dripu pale pale, na siku ya pili akaweza kuketi. Barnabas na wenzake nao walipona. Mzee Nehemiah alikuwa na miaka sabini na minane. Alifariki siku ile ile ya Krismasi, alasiri.

Walimzika kando ya barabara, kwa kuwa makaburi ya kwao yalikuwa chini ya maji. Kwaya iliimba bila mtu wa kuwaongoza. Abdia alikuja mazishini, akasimama na akina mama. Zadock hakumsemesha Tamar.

Walipokuwa wakirudi, Tamar akauliza, "Bibi, ni mimi niliyemuua?"

Bibi Dorothy akasimama njiani. "Ni kipindupindu kilichomuua. Lakini kilipita mikononi mwako, mjukuu wangu, sitakudanganya ili ulale vizuri."

Tamar akalia. Bibi akamngoja mpaka amalize.

"Sasa nisikilize. Bwana Yesu alizaliwa penye mavi na harufu ya ng'ombe. Wachungaji walipokuja, Mariamu hakuona haya, hakuwaficha mtoto. Wewe uliona haya kwa harufu ya dawa tu, ukaitupa, ukaongeza uwongo juu yake. Kuchekwa hakumziki mtu. Maji machafu yanazika. Ukiwapa watu maji, umeshika roho zao. Usizihurumie ndimi zao."

"Ndiyo, Bibi."

"Lakini uliposema kweli mbele ya watu, binti wa mwenzangu akapona, na fimbo zikaanguka. Hilo nalo usilisahau." Alimshika mkono. "Mjane wa Mzee amesikia habari kwa watu, hajazisikia kwako. Twende sasa ukamwambie. Nitakaa kando yako, lakini sitakusemea."