Akaunti ya Mwanakheir

Bahiya alifungua akaunti kwa jina lake mwenyewe. Hilo alikuwa na yakini nalo. Ilikuwa mwaka 2008, katika afisi yao ya kuchapa kadi za harusi pale Mkunazini. Kompyuta mpya iligoma mpaka leseni ya mfumo wake iwashwe kwa intaneti, na bila ya akaunti leseni haiwaki. Akaandika jina, akaweka neno la siri, ikakubali.

Asubuhi yake kioo cha kompyuta kikamsalimu: "Karibu, Mwanakheir."

"Nani Mwanakheir?" alimuuliza mumewe, Nadir, kwa sauti ya chini, maana wateja walikuwepo.

"Mie simjui."

"Humjui, na yumo kwenye kompyuta yako?"

"Wallahi simjui, Bahiya."

Hakumsadiki. Alimpekua simu, akamnusa shati. Shati halikuwa na kitu. Harufu nzito ya halud, manukato ya kike, ilitoka kwenye kompyuta.

Adhuhuri, mlango umefungwa, Nadir akaifuta akaunti ile mbele yake, akafungua nyingine, akaandika "Bahiya" herufi kwa herufi. Kioo kikajibu: "Leseni hii ina mwenyewe." Papo hapo harufu ikajaa chumba mpaka ikawakaba, na kwenye ngazi, ambako hapakuwa na mtu kwani ghorofa ya juu walikuwa wakikaa wao peke yao, wakasikia viatu vya mti vikishuka, ko, ko, taratibu, kama vya mwanamke anayeteremka nyumbani kwake kuwatazama wageni asiowaalika, vikaja vikasita nyuma ya kiti cha Bahiya, na pumzi baridi ikampiga shingoni.

"Usigeuke," Nadir alinong'ona.

Jioni walimleta Bi Mwanapili, mganga wa Kiembe Samaki.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Humu mna jini. Ulimkubalia kitu, mwanangu?"

Bahiya akafikiri. "Yalikuja masharti marefu. Nikabonyeza nakubali."

"Uliyasoma?"

"Nani anayesoma, Bi?"

Bi Mwanapili akavuta chetezo. Alifukiza ubani, akasoma, akamnywesha Bahiya kombe, maji yaliyooshewa aya. Harufu ikakatika. Kioo kikaandika: "Karibu, Bahiya." Nadir alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Siku ya pili mkewe alikuwa amekaa peke yake akichapa kadi, akamsikia Nadir akiita kutoka juu, sauti laini, ya mapenzi:

"Bahiya! Njoo unywe chai, Bahiya!"

Vidole vyake, vinavyonukia halud, vikasita. Wivu ukampanda. Nani tena huyo Bahiya, na tangu lini anaingia nyumbani mwake?