Rafu ya Mzee Hatibu

Saumu alipoingia na sanduku lake la shule, alilikuta dirisha la sebuleni likisinzia. Kingo zake zilisogeleana taratibu, kama kope za mwanafunzi katika kipindi cha saa nane mchana, udongo ukaziba nafasi iliyobaki, na mara pakawa ukuta mtupu, laini, usio na hata aibu.

"Habari za mchana, Saumu," ilisema sauti ya adabu kutoka darini. "Karibu kutoka shule ya bweni. Dirisha hili halijafunguliwa tangu msiba. Nimeliondoa kwa faida yenu."

Hapa inafaa tutulie, tuvae nyuso za heshima, na kueleza jambo. Katika Tanga ya zama hizo hakuna aliyemwita fundi, wala aliyegombana na fundi, wala aliyeambiwa "kesho" na fundi mpaka akazeeka. Nyumba zilijengwa kwa udongo-hai, udongo uliochanganywa na vijimashine vyembamba kuliko unga wa ngano, ukaweza kujisogeza na kujifinyanga wenyewe. Akili ya nyumba iliitwa Msanifu. Alitazama mikono inashika wapi na miguu inakanyaga wapi. Kilichotumika alikikuza, kisichotumika alikipunguza. Na kwa kuwa udongo wa mtaa mzima ulikuwa mmoja, uliopungua kwako ulipita chini ya sakafu kimyakimya, ukaenda kwa jirani mwenye haja nao.

Ilikuwa hekima kubwa, na waliobuni walivishwa nishani. Walisahau kitu kidogo tu: watu hufa. Na mtu akifa Tanga, nyumba yake haiwashi moto. Majirani ndio hupika.

Saumu alikimbilia jikoni. Jiko lilikuwa limebaki kama kabati la bwenini, lile ambalo ukiingiza viatu, daftari linatoka. Meko lilikuwa moja, dogo. Sinki lingeweza kuosha kikombe, kama kikombe chenyewe kingekuwa kivumilivu. Ila juu kabisa, karibu na dari, rafu moja ilikuwa bado ipo, na juu yake birika la kahawa.

Ilikuwa rafu ya baba yake. Mzee Hatibu alikuwa mrefu kiasi kwamba milango ilimsujudisha. Aliiagiza nyumba imwekee rafu mahali ambapo mkono wake ulifika bila kunyooka, na wengine wote wakawa ombaomba. Kila alfajiri mama alisimama chini yake na kusema, "Hatibu, nipe birika." Naye kila alfajiri alijibu, "Kueni, jamani," kisha akalishusha.

"Msanifu," Saumu aliita. "Rafu ile usiiguse."

"Haijaguswa na yeyote. Ndiyo maana kesho itapunguzwa, na baada ya adhuhuri haitakuwepo."

"Nakuamuru usiiondoe!"

"Amri hiyo hutolewa na mwenye nyumba, ambaye ni Hatibu Mbwana."

"Amefariki! Mirathi bado haijagawanywa. Atakupaje amri?"

"Namsubiri anieleze," alisema Msanifu, kwa upole uliomfanya Saumu atamani ukuta ungekuwa na pua apate kuupiga ngumi.

Mama yake, Bi Mwanahawa, alikuwa chumba cha ndani, amelala juu ya godoro katika nguo zake nyeupe za eda, amegeukia ukutani. Chumba nacho kilikuwa kimejikunja kumzunguka. Msanifu aliona mama hahitaji zaidi ya upana wa godoro, akampa upana wa godoro. Saumu alilazimika kupita ubavu ubavu ili kumbusu mkono.

"Umekuja," mama alisema, bila kugeuka.

"Mama, nyumba inatula."

"Iache itule. Nami inimalizie."

Hodi ilipigwa. Alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta, Mama Shekue, amebeba hotipoti la wali wa nazi kama alivyolibeba kila siku tangu mazishi.

"Pole, mwanangu. Afadhali umekuja, labda kwako atakula." Kisha akanong'ona, "Nikwambie? Nyumba yangu imeshikwa na shetani. Jiko linavimba kama jipu! Jana kumeota meko mapya, baba Shekue kaingia kutafuta chumvi, nimemsikia anatoa salamu akidhani kafika kwa watu. Na ukutani pamechomoza rangi ya samawati. Mimi na samawati wapi na wapi?"

Saumu aliijua samawati hiyo. Wazazi wake waliigombania Ramadhani nzima, mama akitaka kijani, mpaka baba akashinda kwa kununa.

"Mama Shekue," alisema, "jiko lako ni letu. Kila ukitupikia, Msanifu anaona kwako kuna kazi, kwetu hakuna. Anahamisha."

Mama Shekue aliliweka hotipoti chini kama limemuunguza. "Ina maana hii miezi yote... nimewapikia jiko lenu?"

"Kwa nazi nzuri, lakini."

"Astaghafirullahi! Usinichekeshe kwenye msiba, mtoto we!" Alikuwa tayari analia.

Sasa, Saumu hakuwa mhandisi. Elimu yake maalumu ilikuwa nyingine: kule bwenini aliwahi kumfanya matroni ahesabu mito iliyofunikwa mablanketi na kuiandika yote kuwa imelala salama. Akaona Msanifu ni matroni tu asiye na filimbi. Asubuhi iliyofuata aliwaita wanawake wa mtaa, wakaingia na sufuria, miiko na mbuzi za kukunia nazi, wakajibana katika lile kabati, kiwiko cha huyu kwenye mbavu za yule.

"Nani kanikanyaga?"

"Kanyagwa, shoga! Tunajenga nyumba hapa!"

Moto ukawaka, ukuta ukaanza kurudi nyuma. Meko likazaa meko. Kufikia saa tano samawati ilikuwa imerudi nyumbani, na akina mama wakapiga vigelegele, wakakumbuka ni nyumba ya eda, wakavimeza.

Lakini rafu ilikuwa imeanza kufifia kingo. Saumu alipanda kigoda, akaishika kwa mikono miwili.

"Mguso wako hauhesabiwi," alisema Msanifu. "Anayeishi shule ya bweni ni mgeni wa likizo."

"Na jiko je? Hawa ni wakazi?"

"Moto ni moto, nauhesabu uwashwe na yeyote. Rafu ni ya mkono wa mkazi."

Saumu alishuka. Akachukua ufagio, akauvisha kanga ya mama yake, akafunga glovu ya kuoshea vyombo kwenye ncha, na kwa taadhima akaunyanyua hadi kwenye birika.

"Saumu," ilisema sauti ya darini, "ufagio huo si mama yako."

Hakuna aliyecheka. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeanza. Rafu ilishapungua nusu, na birika lilikuwa limekaa ukingoni. Saumu aliutupa ufagio, akajipenyeza chumba cha ndani, akaanguka juu ya miguu ya mama yake.

"Mama, amka. Hila zimeniishia. Nakuomba, amka. Ikienda ile, hakuna mahali humu ndani patakapojua kwamba baba alikuwa mrefu."

Godoro likalia.

Bi Mwanahawa alitembea akishika ukuta, na wanawake wakampisha. Akapanda kigoda. Mama Shekue alimkumbatia magoti ili asianguke. Mkono ukapanda, ukanyooka, ukagusa rafu, ukalifikia birika.

"Nimehesabu," alisema Msanifu, na rafu ikajijaza tena.

Siku hiyo Bi Mwanahawa alikunywa kahawa na kula tonge lake la kwanza la hiari. Alilirudisha birika mwenyewe, kwa kigoda, kisha akalishusha tena na kulirudisha tena, mara nyingi zaidi ya kahawa iliyokuwapo. Saumu alilala akijiona bingwa wa dunia.

Alfajiri alimkuta mama yake amesimama jikoni, hatikisiki. Rafu ilikuwepo, nzima, birika juu yake. Ilikuwa usawa wa kifua cha mama.

"Niliona unataabika na kigoda, mama," alisema Msanifu. "Nimekushushia."

Bi Mwanahawa alilipita birika kwa macho, akainua uso kuelekea ukuta mtupu karibu na dari, akanyoosha mkono.

"Hatibu," alisema taratibu, "nipe birika."

"Liko mbele yako, mama," alisema Msanifu.