Jini Aliyekosa Sauti

Mdogo wangu Theresia hakuwa mwigizaji. Alikuwa anauza mafuta ya alizeti kando ya barabara pale Singida mjini, Jumapili anaimba kwaya, na siku zote anamlea binti yake Peniel, ambaye mpaka anafikisha miaka mitano hajawahi kutamka neno. Mtoto alisikia vizuri. Alicheka, alikuvuta sketi akitaka kitu. Kusema tu ndiko kulikomshinda. Theresia alimpeleka hospitali, akampeleka kwenye maombi, akarudi mikono mitupu kote kote. Aliniambia kitu kimoja tu anachokitaka hapa duniani ni kuitwa mama.

Aliyemwingiza kwenye filamu ni Kalpesh, mtoto wa Mzee Kurji mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kazi yake ni kupiga video za harusi, na Kinyaturu chetu anakimudu kuliko wanangu wa kuzaa. Mwaka juzi alitengeneza filamu ya jini anayewatimizia watu haja zao halafu anawamaliza mmoja mmoja. Akaiita Jini wa Magadi. Kwenye mabanda ya video watu walicheka mpaka wakashika mbavu, maana jini alikuwa amevaa saa ya mkononi. Kalpesh hakukata tamaa. Akatangaza sehemu ya pili, na safari hii, akasema, watu watalia. Mimi kwa kuwa ni fundi cherehani nikapewa pazia kuukuu nishone joho la jini. Nikamwambia jini wake atafanana na dirisha.

Jini mwenyewe alikuwa Antipasi wa bucha. Ana mwili wa kutisha, ila sauti yake ni nyembamba, ukiisikia utadhani anakuomba radhi. Kwa hiyo Kalpesh alimwambia achezeshe midomo tu, sauti nzito ya mtu mwingine ingewekwa baadaye kwenye kompyuta. Na ili midomo icheze, Antipasi alikuwa anahesabu mbuzi kwa Kinyaturu, bila kutoa sauti. Alifanya hivyo sehemu ya kwanza, akafanya hivyo na ya pili.

Tulirekodi asubuhi, kwenye mawe ya ukingo wa ziwa Singidani. Antipasi alipakwa unga wa muhogo uso mzima. Theresia alitakiwa apige magoti mbele yake, aombe utajiri huku analia. Akaomba. Machozi hayakuja. Wakarudia, wakarudia tena, mpaka Kalpesh akachoka. Maneno hayakuwa yameandikwa popote. Yeye huwapa watu hadithi, kila mtu anasema anavyojua.

"Dada Tere," alimwambia, "achana na habari za utajiri. Omba la kwako. La moyoni, ulie kweli."

Mimi nilikuwa pembeni na sindano yangu, narekebisha pindo. Nilijua ataomba nini, na sikutaka aliombe pale, kwa mchezo, mbele ya mtu aliyepakwa unga. Nilitaka kumwambia anyamaze. Nikaona aibu.

"Mwanangu aongee," Theresia akasema. "Chukua yangu, umpe yeye."

Akalia. Alilia mpaka Kalpesh akafuta macho nyuma ya kamera.

Antipasi akachezesha midomo. Upepo wa Singida mnaujua, haupumziki, lakini pale ulitulia. Kalpesh akasema kata. Midomo ya Antipasi iliendelea. Akasema kata mara ya pili. Iliendelea, polepole, macho yamemkazia Theresia. Kisha Antipasi akashtuka na kuuliza kama tumeshaanza.

Tulipofika nyumbani, Peniel alikuwa mlangoni. Akasema, "Maji."

Nyumba ililipuka kwa furaha. Theresia alimbeba akazunguka naye uani, majirani wakaja, tukapika pilau. Nami nilicheka na kulia kama wengine. Siku zilizofuata mtoto aliongeza maneno, akaunganisha mawili, matatu. Theresia alikuwa amekauka koo. Tukasema ni vumbi la ziwani, tukampa tangawizi na limao.

Jumapili ilipofika, kwaya ilisimama. Theresia ndiye huanzisha. Alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Watu wakamgeukia. Na kwenye benchi la nyuma, mapajani mwangu, Peniel akauanzisha wimbo mahali pake, kwa sauti ya mtu mzima. Ilikuwa sauti ya mdogo wangu, na kale kamkwaruzo kake mwishoni mwa neno. Nilitaka kumweka chini yule mtoto. Mikono ilikataa.

Akanigeukia, akatabasamu.

"Dada," akasema. "Mbona unatetemeka?"

Peniel ni mtoto wa mdogo wangu. Mimi kwake ni mama mkubwa. Anayeniita dada ni Theresia peke yake.

Hospitali walimulika koo la Theresia, wakasema halina ugonjwa. Kwa hiyo nikawachukua wote wawili nikaenda nao kwa Kalpesh, kwenye chumba cha nyuma ya duka la baba yake. Ilikuwa mchana, wateja wanapimiwa misumari upande wa pili wa ukuta. Antipasi naye alikuwepo, amekuja kuuliza filamu itatoka lini. Nilimwambia Kalpesh atuonyeshe ile sehemu ya kuomba.

Akaifungua kwenye kompyuta. Theresia alipiga magoti kwenye kioo, akaomba, sauti yake ikasikika kama ilivyokuwa zamani. Kisha uso wa Antipasi, umejaa kioo kizima, midomo inacheza kimya.

Peniel akaanza kusema.

Alisema sambamba na midomo ile. Haikupishana hata kidogo.

"Nimechukua," alisema. "Sauti kwanza. Mengine yatafuata. Hairudi mpaka nifutwe."

Antipasi alirudi nyuma mpaka akagonga rafu. "Mimi nilihesabu mbuzi," akanong'ona. "Haki ya Mungu, nilihesabu mbuzi."

Kalpesh hakubishana. "Naifuta," akasema. Akaweka kidole juu ya kitufe. Theresia akaruka, akaukamata mkono wake kwa mikono yote miwili.

Midomo ya Theresia ilikuwa inacheza. Sauti yake ikatoka kwa mtoto.

"Asifute, dada. Mwanangu atakuwa bubu tena. Niacheni hivi hivi."

Mama na mwana, mdomo huu unacheza, mdomo ule unasema. Nililia. Nikaona huyo ndiye Theresia, ndivyo alivyo, yuko tayari kumpa mtoto hata pumzi. Nikamshika mabega, nikamvuta nikamtoa kwenye mkono wa Kalpesh. Alipambana. Nikadhani ni uchungu.

"Acha," nikamwambia Kalpesh. "Amekubali mwenyewe."

Theresia alilegea mikononi mwangu. Tangu siku hiyo hakusimama tena. Anakaa kwenye mkeka chumbani kwake, analishwa, anafutwa mdomo. Macho yapo wazi. Ukimwandikia hasomi, ukimshika hakuangalii. Midomo tu, ile inacheza Peniel akiongea, hata Peniel akiwa uani.

Kalpesh alitaka kuiacha filamu, lakini nakala alikuwa ameshampa kijana wake wa kuhariri. Kijana akaimaliza na ile sauti ya mtoto humo humo, sijui aliitoa wapi, kwa sababu siku ile chumbani hatukurekodi chochote. Imependwa. Hakuna anayecheka. Pale Shelui madereva wa malori wanawekewa kwenye flashi wakisubiri chakula, wanaondoka nayo kwenda Nzega na mbele ya Nzega. Iko kwenye simu za watu nisiowajua. Haifutiki tena.

Wiki iliyopita nilikuwa nashona, jua la saa nane. Peniel alikuwa amelala kwenye marobota ya vitambaa. Nikasikia naitwa.

"Dada."

Niligeuka. Mtoto amelala. Midomo imefungwa. Sauti inatoka humo humo ndani, mbali, kama mtu aliye chini ya kisima.

"Dada, siku ile sikusema mimi. Sikuwa namzuia Kalpesh. Nilikuwa namkandamiza kidole abonyeze."

Nikaacha cherehani inazunguka. Nilikimbia mpaka chumbani kwake. Theresia alikuwa amekaa vile vile, macho ukutani. Nilipiga magoti nikamwomba anisamehe. Hakunitazama. Ndipo nikatazama chini, mahali ambapo mimi ninayemlisha kila siku sikuwahi kutazama.

Kidole chake cha shahada kilikuwa kinabonyeza. Kinainuka, kinabonyeza. Mkeka umetoboka, na sakafu ya saruji chini yake imechimbika tundu la kutosha ncha ya kidole.