Mitupo Saba ya Dadu

Ilikuwa mwaka 2018, katikati ya kipupwe, siku ambayo ofisi ya vifurushi ilijaa watu hadi kwenye ngazi. Fundi wa miwani alikuwa amesimama katika foleni kwa muda wa saa nzima. Alivaa gauni la kijivu lenye kola nyeupe, na juu yake koti jeusi lililofungwa vifungo vyote, kwa maana hakuwa mtu wa kuacha kifungo wazi. Alikuwa na miaka thelathini na miwili. Wenzake wa kazi walimwita Bibi Kipimo, tangu siku alipomrudishia msambazaji lenzi arobaini kwa kosa ambalo jicho la kawaida lisingeliona.

Nyuma yake alisimama mwanamume mrefu mwenye sweta ya kijani iliyotoboka kiwiko, ambaye alikuwa mkutubi katika maktaba ya mtaa wa pili. Karani wa dirishani alikuwa akizungumza kwa simu huku akigawa mizigo, wala hakujisumbua kusoma majina. Akawapa wawili hao maboksi yaliyolingana kwa ukubwa na kwa rangi. Kila mmoja akatia saini na kuondoka na boksi la mwenzake.

Fundi alipolifungua lake dukani, badala ya lenzi alikuta ubao uliochorwa pango, vinyago vidogo vya plastiki, dadu ya ajabu yenye pande ishirini, na kijitabu kilichotangaza kwenye jalada kwamba hata asiyewahi kucheza mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika angeweza kuanza ndani ya saa moja. Alikuwa ameketi akikisoma wakati mkutubi alipoingia, boksi la lenzi likiwa kwapani, halijafunguliwa.

"Samahani, dada," akasema. "Nadhani umechukua zimwi langu."

"Yapo manne," fundi akajibu bila kuinua uso. "Na joka moja. Na mwanamke mwenye upanga asiye na koti. Kwa baridi hii."

Mkutubi alicheka hadi akashika kaunta. Akaeleza kwamba aliununua mchezo ule kwa fedha zake ili aanzishe chama cha wachezaji Jumamosi, lakini mkuu wake alimnyima chumba, akidai kwamba maktaba haikujengwa kwa ajili ya kelele. Fundi akamsikiliza, kisha akatamka jambo lililomshangaza mwenyewe: duka lake lilifungwa saa nane mchana siku za Jumamosi, na meza ya karakana ilikuwa ndefu. Ila angemleta mama yake, kwa sababu Jumamosi ilikuwa siku ya mama.

Mama alikuwa mkunga mstaafu, mnene, mwenye kilemba cha zambarau na sauti iliyozoea kuwaamrisha watu wazima wasukume. Mkutubi alipowaeleza kuwa kila mchezaji huchagua mhusika, na kwamba miongoni mwao wamo mpiga upanga, mganga, mchawi na mwizi, mama hakungoja zamu yake.

"Nipe mwizi, mwanangu. Nimekuwa mwaminifu miaka sitini na minne, na sijaona faida."

Fundi alimchagua yule mwanamke wa upanga. Kabla ya kucheza, alichukua brashi yake nyembamba na rangi ya kupakia fremu, akakichorea kinyago koti jekundu lenye vifungo. Tangu hapo akaitwa Mwenye Koti.

Sheria zilikuwa chache. Msimulizi, yaani mkutubi, alisoma kisa na kuyaendesha mazimwi. Mchezaji alitaja alichotaka kukitenda, akatupa dadu, na idadi ikaamua. Msimulizi naye aliyatupia mazimwi dadu yao, lakini alifanya hivyo nyuma ya kadibodi iliyosimamishwa mbele yake kama ukuta, ili wachezaji wasijue siri za pango. Kutoka kumi na mbili kwenda juu, zimwi lilipiga. Chini ya hapo, lilikosa.

Hesabu hazikumpa fundi taabu. Kilichomshinda ni kusema. Alipoulizwa Mwenye Koti anafanya nini, alijibu kwamba anasimama. Mkutubi akamwambia taratibu kwamba mtu aliyesimama mbele ya zimwi lazima awe anawaza jambo. Mama, kwa upande wake, alikuwa tayari amelishika zimwi mkono, akilieleza kwamba analifahamu tangu kuzaliwa na kwamba lilizaliwa likitanguliza miguu.

Jumamosi ya pili, fundi alisema. Aliegemea meza, macho yakimng'aa nyuma ya miwani, akatamka kwamba Mwenye Koti anavuka daraja peke yake ili mwizi apate kukimbia na hazina. Mhusika wake alikuwa amebakiwa na uhai wa pigo moja tu. Mkutubi alitupa dadu nyuma ya kadibodi. Ikaonyesha kumi na tisa. Akaitazama dadu, kisha akautazama uso ule uliokuwa umefunguka kwa mara ya kwanza.

"Nne," akasema. "Limekukosa."

Fundi akapiga meza kwa furaha. Mkutubi aliichukua dadu haraka, akajiambia kwamba ilikuwa mara moja tu.

Mapenzi yao yalikua kati ya Jumamosi na Jumamosi. Mkutubi alikuwa akimpigia fundi simu dukani saa za chakula.

"Mwenye Koti anaendeleaje?"

"Anafanya kazi. Si kama wengine wanaolipwa kwa kuwanyamazisha watu."

"Leo nimemnyamazisha mzee mmoja aliyekuwa akikoroma. Ameniambia hakuwa amelala, alikuwa anasoma kwa ndani."

"Wewe nawe unasoma nini?"

"Namsoma fundi mmoja. Sijafika katikati."

"Angalia usikunje kurasa," akasema, na akakata simu akitabasamu, huku mteja akimngoja na fremu mkononi.

Mwezi wa kwanza ulipokwisha, mkutubi alimweleza kwamba makao makuu yalikuwa yakifikiria kumpeleka mji wa mbali, safari ya siku mbili, akafungue maktaba mpya. Alimhakikishia kwamba kama uhamisho ungekuja, ungekuja mwakani. Fundi akapokea neno hilo kama alivyopokea kipimo chochote, akapanga mambo kulifuata. Duka hawezi mtu kulifunga kwa siku moja, wala mama hawezi kung'olewa kwake kama msumari. Mwaka ungetosha.

Wiki ya saba alikuja mnunuzi, mwenye duka jingine la miwani, akataka kulichukua lake pamoja na mashine zote, kwa sharti kwamba amkabidhi mwezi huohuo. Fundi alimshukuru na kumkataa, kwa kuwa hakuwa na haraka. Mnunuzi akapata duka lingine siku tatu baadaye.

Wiki ya tisa, kwenye ngazi za maktaba, mkutubi alimwomba wafunge ndoa. Alikuwa amevaa shati jipya ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani. Fundi alimwambia angempa jibu watakapomaliza pango na kulifikia joka. Moyoni alikuwa ameshajibu. Alitaka tu kulibeba jibu lile kwa siku chache kabla ya kulitoa.

Ijumaa iliyofuata, seremala alitundika kioo kipya ukutani mwa karakana. Duka lilikuwa finyu, na wateja walilazimika kusoma chati ya herufi iliyotundikwa nyuma yao kupitia kioo ili umbali utimie. Cha zamani kilikuwa kimepata madoa. Kipya kilikuwa kipana zaidi, na kilishuka hadi karibu na meza. Jumamosi mkutubi aliketi mahali pake pa kila siku, akasimamisha kadibodi mbele yake, na kukipa kioo mgongo.

Walikuwa wamebakiza chumba kimoja kulifikia joka. Zimwi la mwisho lilimrukia Mwenye Koti, na mkutubi akatupa. Juu ya bega lake, kiooni, fundi aliiona dadu ikibingirika na kutua. Mtu anayesoma herufi zilizogeuzwa kutwa nzima hababaishwi na tarakimu. Ilikuwa kumi na nane.

"Tano," akasema mkutubi. "Una bahati, mpenzi."

Wakapumzika kunywa chai. Mama akauliza, kama alivyozoea kuuliza kila Jumamosi, kama wakubwa wamekwisha kuandika kuhusu uhamisho.

"Bado, mama," akajibu mkutubi. "Hawajaandika."

Ilikuwa sauti ileile, laini, ya mtu anayemfunika mwenzake shuka. Fundi akaweka kikombe chini.

"Barua ilikuja lini?"

"Barua gani?"

"Dadu imetua kumi na nane. Nimeiona kiooni. Umeniambia tano kwa sauti hiyohiyo uliyomjibia mama sasa hivi. Barua ilikuja lini?"

Mkutubi aligeuka, akajiona mwenyewe kiooni pamoja na dadu yake, madaftari yake na upande wote wa ndani wa kadibodi.

"Wiki ya tano," akasema.

"Unaripoti lini?"

"Tarehe mosi."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Fundi akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Na dadu, mara ngapi?"

"Saba." Hakuhitaji kufikiri, alikuwa akizijua zote. "Sikutaka ufe. Ungeona uso wako siku ile ya daraja. Na barua nilikuwa nangoja siku nzuri ya kukuambia. Kila Jumamosi ilikuwa nzuri, nikashindwa kuiharibu."

Fundi alikusanya vinyago kimoja kimoja, akavirudisha ndani ya sanduku, akamfungulia mlango. Mkutubi alipokwisha kuondoka, mama alikiri kwamba alikuwa akiliona jambo lile tangu mwanzo, kwa kuwa hakuna zimwi linaloweza kukosa kiasi kile.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Nilikuwa nashinda na mimi," akasema mama kwa aibu. "Halafu nikadhani ndiyo mapenzi yenu ya siku hizi."

Kwa siku tatu fundi hakupokea simu. Alichonga lenzi, akavunja mbili, jambo lililokuwa halijawahi kutokea. Siku ya nne akampigia mwenyewe.

"Unanidai jibu," akamwambia. "Sijasahau. Nami nakudai mitupo saba. Njoo kesho Alhamisi, saa kumi. Kadibodi iache kwako."

Alhamisi ilikuwa siku mbili kabla ya safari. Mkutubi alifika amevaa ile sweta ya kijani, kiwiko kikiwa kimeshonwa vibaya. Fundi alikuwa amekwisha kutandaza ubao. Alimweka Mwenye Koti darajani, akamwandikia uhai uleule wa pigo moja, akaisukuma dadu mbele ya mwenzake.

"Tupa."

"Mpenzi, haina maana tena."

"Kwangu ina maana. Tupa."

Akatupa. Dadu ilizunguka juu ya mbao tupu na kutua kumi na sita. Wote wawili wakaitazama. Fundi akamwinua Mwenye Koti, akamlaza kwenye kifuniko cha sanduku.

"Unaona," mkutubi akasema kwa sauti ndogo. "Ungekufa Jumamosi ya pili. Ungeinuka mezani na usingekuja tena. Tusingefika popote."

"Ningekuja." Fundi akafungua kijitabu, akakigeuza kumwelekea. "Soma hapa. Mchezaji ambaye mhusika wake amekufa achague mwingine na aendelee palepale. Kimeandikwa kwa wanaoanza. Nilikisoma chote kabla hujaingia dukani siku ya kwanza. Nilijua nitakufa, kila anayeanza hufa. Nilikuwa nimeshamchagua mganga."

Mkutubi alisoma mistari ile, akairudia. Alikuwa msimulizi kwa wiki kumi na hakuwahi kuihitaji.

Fundi akamtoa mganga sandukuni, kinyago kisichopakwa rangi, akamweka darajani penye nafasi iliyoachwa. "Bado sita."

Akatupa ya pili: saba. Ya tatu: tatu. Ya nne ikagonga kikombe na kurudi. Kumi na moja. Mkutubi hakuifunika dadu, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuificha. Ya tano: mbili. Ya sita: tisa. Mganga alikuwa bado amesimama.

"Mnunuzi wa duka alikuja wiki ya saba," fundi akasema. "Barua ulikuwa nayo mfukoni. Nilimkataa kwa sababu uliniambia mwakani."

Mkutubi aliinua uso. Hakuwa amelijua jambo hilo. Alijaribu kusema kwamba angengoja, kwamba angeandika kuomba muda, kwamba mwaka si kitu. Maneno yakamtoka yakiwa yamevurugana, na yote yalikuwa ya kweli.

"Bado moja," fundi akamkumbusha.

Akatupa ya saba. Ilikuwa nane. Zimwi limekosa, na hakuna aliyelizuia. Mkutubi akaiacha dadu ilipotua, akaondoa mkono mezani.

"Nimemaliza kukulipa," akasema.

"Umelipa," fundi akakubali. Akavuta kiti karibu, magoti yao yakagusana, akamtazama usoni. Kioo kilikuwa ukutani na hakukiangalia. Kilichobaki kilikuwa deni lake, tangu siku ile ya ngazi za maktaba, naye hakuwa mtu wa kufa na deni.

"Nakupenda," akasema. "Na sitakuja, si mwezi huu wala mwakani. Kila utakaponiambia umeshiba, nitatafuta kioo. Hilo ndilo jibu langu, na sikulipunguza."