Ua Lililotambaa kwa Joselyne

Ua lililopanda ukuta wa Umwiza, hapa mjini Baraka, halikuguswa na nyuki hata mmoja. Jina la ua hilo nani alilijua? Joselyne, jirani yake, alisema ni bougainville, ua la miiba lisilo na harufu. Alipolikaribia akakuta halina miiba, tena linanukia mpaka barabarani. Asubuhi vishada vilikuwa vyeupe, jioni vyekundu, na kila mama aliyetoka sokoni alisimama kusifu.

Joselyne alikuwa na mume, Nimbona, na mabati mapya. Umwiza hakuwa na mtu. Kwa nini basi asifiwe Umwiza? Wivu ulimla. Jumapili moja, Umwiza akiwa kanisani, Joselyne alikata kijiti cha ua lile akakipanda chini ya dirisha la chumbani kwake.

Kilishika upesi mno. Mvua hazijakatika kikawa kimefika kwenye mabati, na harufu ikaingia ndani, ikakaa kwenye shuka, kwenye bugali, kwenye nywele za Joselyne, na kila Nimbona alipomsogelea mkewe kitu kilikwaruza dirishani, kikakwaruza tena, kisha vidole vyembamba visivyoonekana vikamkaba shingo mpaka macho yakamtoka.

"Kuko muntu humu ndani," Nimbona alinong'ona. "Hapendi nikukaribie. Ng'oa hii maua, Joselyne, itaniua."

Joselyne alimpenda mumewe. Akakimbia kwa Umwiza, akapiga magoti.

"Nisamehe, mama. Niliiba ile maua kwako. Sasa inamunyonga bwana yangu."

Ukuta wa Umwiza ulikuwa na matawi makavu tu. Mwenyewe alikuwa amevimba macho kwa kulia, kama mwanamke aliyeachwa.

"Ile si maua, ni jini," alisema polepole. "Ilinimalizia bwana na batoto. Na mi nikaendelea kuimwangia maji. Nirudishie, dada yangu. Mi ndo ilikuwa inanipenda."

Joselyne alishukuru kwa moyo wote. Wakaja kwake na jembe. Ndani, Nimbona alikuwa kitandani akihema kwa shida. Umwiza akainama, akalikumbatia shina kwa mikono miwili, na vishada vyote, hata vya juu ya mabati, vikamgeukia.

Joselyne akaona. Kikamchoma kifuani kitu ambacho hakuwahi kukisikia kwa ajili ya Nimbona.

"Toa mikono."

"Joselyne, bwana yako anakufa!"

"Toa mikono, nimesema. Iko yangu."

Akamsukuma Umwiza hadi barabarani, akafunga lango. Nimbona aliita kwa sauti ndogo, akaomba maji. Joselyne akachota kikombe, akatoka nacho nje, akalimwagia shina taratibu mpaka tone la mwisho.

Nimbona aliita tena, mara moja tu.