Kompyuta Iliganda, Wakamshitaki Mama Yangu

Waliokuwepo sebuleni kwetu, Kahama, Jumapili moja ya Agosti 1998, saa nane mchana: mume wangu Thobias, dada yake Philomena, fundi Gelasius, mama yangu mzazi Mbuke, na mimi, mwalimu wa shule ya msingi.

Mama alikaa karibu na mlango. Thobias, kwa heshima ya mkwe, hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Mama Jenifa, kesho mama apande basi arudi kijijini. Kompyuta inaganda kwa sababu yake."

Wasomaji wangu, naomba mrudie kuisoma sentensi hiyo.

Kompyuta ile ilikuwa ya kwanza mtaani kwetu, na mume wangu aliitumia kuchezea karata. Katikati ya mchezo mshale ulisimama, vitufe vikakataa, mpaka azime na kuwasha upya. Gelasius, mwenye cheti cha wiki mbili, aliifungua mara tatu, na mara zote tatu akasema ni nzima. Alipokosa ubovu ndani ya mashine, akaenda kuutafuta ndani ya familia.

Inaganda huyu bibi akiwepo, alisema. Philomena akaongeza kwamba macho ya bibi ni mekundu.

Miaka sitini ya moshi wa jikoni, naye akaona uchawi...

Mnaotoka kwetu mnajua uzito wa jambo hilo. Kikongwe akirudishwa kijijini kwa tuhuma ya namna hiyo, tuhuma hufika kabla yake, na panga hufika baada yake.

Mama aliniuliza kwa sauti ndogo:

"Mwanangu, hicho kidude ndicho nimekiua?"

Nilileta daftari.

Kwa wiki tatu nilikuwa nimeandika kila ilipoganda: siku, saa, na waliokuwepo. Iliganda mara tisa. Mama alikuwepo mara saba. Philomena, mara zote tisa.

"Kwa hiyo mchawi ni mimi, wifi?"

"Uchawi unataka akili, wifi. Wewe umeleta kitambaa."

Philomena alikuwa ametufumia kitambaa kizito chenye maua mekundu, cha kupamba kompyuta. Na mnajua adabu zetu: wifi akija, lazima aikute zawadi yake inatumika. Kila alipobisha hodi nilikimbia kukitandika, kikashuka mpaka nyuma, pale mashine inapotolea joto. Mama naye alitoka jikoni kuja kumpokea mgeni. Jana yake tu ndipo nilipogusa mgongo wa mashine chini ya maua yale, ukaniunguza vidole.

Nikakiondoa. Nikamketisha mama mbele ya kompyuta, magoti yakigusa meza, nikamwambia Thobias acheze karata zake.

Saa nzima. Gelasius alimaliza vikombe vitatu vya chai. Mshale haukusimama hata mara moja.

Kisha nikarudisha kitambaa, na mama nikampeleka uani kupepeta choroko.

Baada ya nusu saa, mshale ukasimama.

"Fundi," nikasema, "ulipokuja kuifungua, wifi akiwepo, kitambaa ulikiweka wapi?"

"Pembeni, mwalimu."

"Na ulipomaliza?"

Alitazama sakafu.

"Nilikirudisha. Nilikitandika vizuri kabisa."

Mara tatu, ndugu zangu. Mtu aliondoa ugonjwa kwa mikono yake, akaurudisha kwa mikono yake, kisha akamshitaki bibi kizee.

Philomena alikuwa amekichukua kitambaa chake na kukikumbatia kama mtoto aliyeonewa. Thobias akacheka, kile kicheko cha mtu anayetaka jambo lifutike kama chaki.

"Basi, yameisha. Mama abaki."

Yameisha! Hakwenda hata uani kumwomba radhi.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo, na ninawaachia nanyi mlipime: anayesubiri ushahidi ndipo amheshimu mama yako, siku ushahidi utakapochelewa hatakuwa na heshima yoyote ya kumpa.

Minong'ono yao nilikuwa nimeisikia tangu mwanzo wa mwezi, wala sikukaa bure. Nikamwita mama aingie, akasimama kando yangu, ungo mkononi. Nikawatangazia wote:

"Mama hatabaki, na mimi sibaki. Mwalimu mkuu amenipa nyumba ya shule. Ufunguo ninao tangu Ijumaa. Kesho asubuhi tunahamia mimi, mama na binti yangu Jenifa. Baba Jenifa, wewe ulitaka kompyuta iwe nzima, nayo ni nzima. Kaa nayo."