Maziwa Yasiyoandikwa

Kila asubuhi ya likizo ile, Namuria alifika hospitalini kabla jua la Lodwar halijaanza kuchoma nyayo. Alimpangusa nyanya yake, Akiru, uso kwa kitambaa chenye maji, akaipanga mito mgongoni mwake, kisha akaichukua karatasi iliyoning'inia kitandani. Karatasi hiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini mwandiko wake uliwashinda wajomba zake wote.

"Moyo wa nyanya yako umechoka," Sista Nakeno, muuguzi wa wodi, alikuwa amemweleza. "Hausukumi damu vizuri, kwa hivyo maji yanabaki mwilini. Yanajaa miguuni, halafu kifuani. Daktari ameagiza anywe vikombe vitano tu kwa siku. Kila anachokunywa, wewe andika."

Namuria aliitikia, lakini kichwa kilimzunguka. Shuleni waliambiwa wanywe maji mengi kwa sababu ya joto. Nyumbani mtu akizimia, kitu cha kwanza ni maji. Hapa, mgonjwa ananyimwa!

Saa ya kuona wagonjwa ilipofika, wodi ilijaa kama soko. Shangazi walikuja, majirani wakaja, na Mama Arek naye akashuka kwenye gari la Kakuma. Mama huyu kutoka Sudan Kusini aliuza vitambaa katika kambi ya wakimbizi ya huko, na alikuwa rafiki wa Akiru kwa miaka mingi.

"Ejoka, rafiki yangu!" alisalimia kwa Kiturkana, kisha akamwaga habari: nani kaolewa, nani karudishwa kwao, nani kajenga choo kikubwa kuliko nyumba. Nyanya alicheka hadi akakohoa.

Na kila mgeni alileta maziwa. "Kula, mama, kula upate nguvu."

Namuria alishika kalamu, akasita. Kwao maziwa hayakuwa kinywaji. Mchunga mifugo akiulizwa kama amekula, hujibu amekula maziwa, na hashiki ugali siku nzima. Sista alitaja anachokunywa, si anachokula. Akaifunika kalamu.

Siku ya tatu, miguu ya nyanya ilivimba hadi ngozi ikang'aa. Kila akisema maneno mawili, alipumzika avute pumzi. Sista Nakeno alimpima uzito, akaisoma karatasi, akampima tena.

"Kilo mbili zaidi tangu juzi," alisema. "Na karatasi inasema vikombe vitano kila siku. Labda daktari aongeze dawa ya kutoa maji."

Aliitoa simu, lakini hakupiga. Aliubonyeza mguu wa nyanya, na shimo la kidole likabaki pale pale. Akahesabu pumzi zake. Akakiinua kitanda upande wa kichwa. "Dawa anameza. Mkojo unatoka. Basi maji haya yanaingilia wapi?"

Namuria aliutazama mguu ule, kisha vibuyu vya maziwa vya wageni. Mama Arek, aliyekuwa amekuja tena na shangazi kumwona mgonjwa, akamnong'oneza, "Nyamaza, binti yangu. Watatufungia geti. Nani atamchekesha nyanya yako?"

"Na maziwa si chakula?" shangazi akadakia, naye kwa sauti ya chini.

Namuria hakujua nani yuko sahihi. Alimtazama nyanya, aliyekuwa ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili akiitafuta pumzi.

"Sista, ni maziwa," alisema. "Wageni wote wanampa. Jana pekee vikombe sita. Mimi nilidhani ni chakula, sikuandika."

Sista hakumgombeza. Alimpigia daktari, akamweleza yote. Daktari alifika upesi, akasikiliza kifua, akaagiza oksijeni na sindano moja. Dozi ya kila siku hakuiongeza. Maziwa ndiyo yalikatazwa.

Baada ya siku mbili, uzito ulishuka na nyanya akaanza kugombana na watu tena.

"Sista, kosa ni letu," alisema Mama Arek, kibuyu mkononi. "Sasa haya maziwa niyapeleke wapi?"

"Kunyweni ninyi, huko nje! Humu leteni porojo tu."

Wodi nzima ikacheka. Kisha Sista akamgeukia Namuria.

"Hata mimi nilikosa. Sikukuuliza kwenu kinywaji ni nini. Lakini sikia. Nikiwa kwa mgonjwa mwingine, mimi naitegemea karatasi hii. Ningeiamini vile ilivyokuwa, dozi ingeongezwa, na huenda figo zake zingeumia bure. Ukichanganyikiwa, uliza. Ukikosea, sema mapema, hata kama watu watakununia. Kosa likisemwa tunaweza kulirekebisha. Likifichwa, mgonjwa ndiye anayeumia."

Namuria alifikiri, macho yake yakiwa kwenye sahani ya matunda aliyoileta shangazi.

"Na tikiti maji, Sista?"

"Hilo nalo andika," Sista Nakeno akajibu. "Na usiache kuuliza."